Chini ya Bitana

Dada yangu alikula mboga za kuchemsha wiki sita kwa ajili ya ugonjwa wangu, na wiki zote sita nilimcheka. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia ninavyomsifu siku hizi wanadhani ndivyo tulivyokuwa tangu zamani. Hatukuwa hivyo. Mimi nina ulimi mkali, na yeye amejaliwa mgongo mpana wa kubeba maneno yangu.

Sisi ni mafundi cherehani. Mahali petu pa kazi ni chumba kimoja kirefu cha ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mna cherehani nne, meza ya kukatia iliyojaa mikwaruzo, pasi mbili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na dirisha linalotazama barabara. Kazi tulirithi kwa mama, aliyeanza na cherehani moja ya mkono na mkasi wa kuazima. Tuko na mkata vitambaa mmoja, mwanamume mpole ambaye tumemwita Mkasi kwa muda mrefu hata mkewe naye anamwita hivyo.

Dada amenizidi miaka mitatu na kilo zisizopungua arobaini. Nasema hivyo bila kumumunya maneno kwa sababu hata yeye husema hivyo. Mimi wananiita Sindano. Mama naye alikuwa mwembamba, na katika daftari letu la vipimo, lile la zamani lenye jalada la kitambaa, ukurasa wake bado upo: kiuno inchi ishirini na sita. Kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa nilikuwa nachukua futi, najizungushia kiunoni, kisha nafungua ukurasa ule na kulinganisha. Mwaka nilipotimiza arobaini na tisa ilikuwa bado ishirini na sita kamili. Nilimwonyesha dada, naye akasema, "Hongera, umeshinda," akaendelea kupinda pindo.

Mama alifariki akiwa na miaka hamsini na moja. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Asubuhi ile alilalamikia jino, akasema linamvuta mpaka sikioni, tukamwambia akalitoe. Saa sita alikuwa hayupo tena. Watu wakasema ni kazi nyingi, nasi tukaamini, maana kazi kweli ilikuwa nyingi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Tulikuwa tumeshona sare za wauguzi wa hospitali moja kubwa, na mkuu wao alipokuja kuzichukua alifurahi mno, maana kwa mara ya kwanza mifuko ilikaa pale mkono unapofika. Akatuambia kwamba wiki ile walikuwa wakiwapima watu damu, mafuta na sukari, tukitaka tuje asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani. Tukaenda, mimi na dada. Mkasi aligoma. Alisema damu yake ni kidogo na anaihitaji yote.

Tulikaa kwenye benchi, karani akatuandika majina, kila mmoja akapewa kikaratasi chenye namba. Thelathini na moja na thelathini na mbili. Dada gauni lake halikuwa na mfuko, akanipa chake nimtunzie, nami nikavitia vyote viwili kwenye kopo la pini lililokuwa mkobani mwangu. Katika familia yetu kila cha maana hukaa kwenye kopo la pini. Mama alikuwa akitia humo funguo, risiti, hata meno yetu ya utoto.

Siku ya majibu nilikwenda peke yangu, dada alikuwa na bibi harusi wa kumpima. Nikatoa vikaratasi viwili, nikapewa karatasi mbili. Majina hayakuwepo, namba tu. Ya thelathini na mbili ilikuwa safi kama shuka jipya. Ya thelathini na moja ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu: kolesteroli juu sana, na ile aina mbaya juu zaidi, na chini pameandikwa kwa mkono, "Amwone daktari mapema."

Nikasimama pale nikijiuliza ni nani kati yetu aliyepewa thelathini na moja. Sikukumbuka. Karani alikuwa ameketi hatua tano kutoka niliposimama, na daftari lenye majina liko wazi mbele yake. Ningemuuliza ningepata jibu kabla sijafunga mkoba. Lakini mimi ni fundi wa miaka ishirini na sita, bwana. Mtu akiingia mlangoni najua kifua chake, kiuno chake na urefu wa mguu wake kabla hajasalimia. Nikamkadiria dada kichwani, nikajikadiria mimi, nikaona hakuna haja ya kumsumbua karani wa watu.

Nilipofika kazini nikampa dada karatasi nyekundu. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Nilijua tu," alisema.

Hakubisha hata kidogo. Mtu mnene huzoea kulaumiwa, akiletewa lawama nyingine anaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Basi angalau sasa utaachana na siagi." Hiyo ndiyo faraja niliyompa dada yangu.

Daktari alimwambia kwamba kipimo kama kile humtaka mtu aanze dawa, ila kwanza kirudiwe baada ya wiki sita, na hizo wiki sita abadilishe chakula na atembee. Akampa na karatasi ya maelezo, kurasa mbili zenye picha ya moyo. Dada akaibandika ukutani karibu na kioo, pale ambapo kila mteja angeiona akijigeuza kuangalia mgongo wa gauni.

Basi zikaanza zile wiki. Dada aliacha siagi, akaacha nyama ya mafuta, akaacha vya kukaanga. Alikuja na kibakuli chenye mboga za kuchemsha, maharage na kipande cha samaki asiye na hata tone la mafuta. Aliamka mapema akatembea kutoka kwake hadi kazini, mwendo wa dakika arobaini, na anafika amelowa jasho huku anatabasamu. Mimi nilikuwa nakaa mbele yake na kuku wa kukaanga. Ngozi ya kuku iliyokauka vizuri naipenda kuliko kuku mwenyewe. Nilikuwa namuuliza, "Sungura, majani ya leo yamekolea?" Mkasi alikuwa anainamisha kichwa mezani ili asionekane anacheka.

Dada hakuonyesha hasira. Alichofanya ni kusoma. Ile karatasi aliijua yote, kisha akaenda tena kwa daktari na maswali aliyoyaandika nyuma ya kipande cha karatasi ya kukatia. Alikuwa anatufundisha sisi huku mashine zinakwenda.

"Hii kolesteroli si sumu," alituambia siku moja, miwani imemtelemka puani. "Ini lenyewe linaitengeneza. Mwili unaitaka, unajengea kuta za chembe zake zote. Balaa ni ikizidi kwenye damu. Kuna vibebeo vya namna mbili. Kimoja kinaisambaza mwilini, na kikiwa kingi kinaibwaga kwenye kuta za mishipa. Kingine kinaizoa na kuirudisha kwenye ini."

"Mpagazi na mfagiaji," alisema Mkasi.

"Ee, hapo umenena."

"Halafu inaganda kwenye mshipa kama mafuta kwenye sinki la jikoni," nikasema, nikijifanya najua.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Daktari kasema sivyo. Ngoja." Akachukua koti la mteja lililokuwa mezani, akaligeuza ndani nje. "Mshipa una bitana, kama hili koti. Damu inapita juu ya bitana. Mafuta yakizidi yanapenya chini yake, yanakaa hapa katikati ya bitana na kitambaa. Mwili unaona mgeni, unatuma askari wake wakamle. Wanakula mpaka wanavimbiwa, wanafia humohumo. Panatuna. Miaka inapita, panatuna zaidi, pengine panakuwa pagumu, na njia inazidi kuwa nyembamba."

"Na mwenyewe anasikia nini?" Mkasi aliuliza.

"Hasikii kitu. Hapo ndipo penye kazi. Miaka ishirini anaweza asisikie kitu. Mpaka siku bitana inachanika." Akaweka kidole kwenye mshono. "Ukijichoma sindano damu inafanyaje? Inakimbilia pale, inaganda, inaziba. Na humo ndani inafanya hivyohivyo, haijui kama inaziba tundu au inaziba njia. Ikiganda hapo, upande ule wa moyo unakosa damu. Ndiyo shambulio lenyewe."

Nilikuwa namtazama dada akilikunja lile koti taratibu, kwa uangalifu, na moyoni nikamwonea huruma. Nilimwonea huruma yeye.

Wiki ya sita ilipokwisha alikwenda kupimwa tena. Aliporudi sikumwelewa uso. Alipaswa kufurahi, maana kolesteroli ilikuwa chini kabisa, kipimo cha mtu mzima wa afya. Alivuta kiti akakaa mbele ya cherehani yangu, akazima swichi, mashine ikanyamaza katikati ya mshono.

"Daktari ameniuliza kama kile kipimo cha kwanza kilikuwa changu," alisema. "Amesema chakula kinasaidia, kinapunguza kiasi, lakini hakiwezi kutoa mtu kule juu na kumshusha huku kwa wiki sita. Nikapita kwa karani. Kanifungulia daftari. Thelathini na moja ni wewe, Sindano."

"Karani kakosea."

"Jina lako limeandikwa mbele ya namba. Nimelisoma kwa macho yangu."

"Wewe umechoka kula majani peke yako, sasa unatafuta wa kula naye."

"Mdogo wangu, mama alikuwa mwembamba."

"Usimtie mama humu!"

Nilipaza sauti mpaka Mkasi akaacha kukata. Niliinuka, nikamwambia dada maneno ambayo sitayarudia hapa, mengine kuhusu unene wake, mengine kuhusu wivu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Nimekuandikisha kwa daktari Jumatatu. Ukikataa kwenda nitakuburuta, na unajua nitaweza." Akawasha swichi ya mashine yangu, akarudi kwenye kiti chake.

Siku nne hatukuongea. Nilipotaka chaki nilimwambia Mkasi, na Mkasi alimwambia dada, na dada alikuwa yupo hapohapo. Usiku uleule wa kwanza nilijipima kiuno. Ishirini na sita. Nikajiambia, unaona?

Siku ya nne, asubuhi, gari la vitambaa lilileta majora sita. Mkasi alibeba mawili, dada mawili, nami kwa ukaidi wangu nikabeba mawili, maana sikutaka mtu anione kama mgonjwa. Nilipofika katikati ya ngazi pumzi ikaniishia. Nilijikaza. Nilipofika juu nikayaacha majora mlangoni, nikaegemea ukuta. Kifua kilikuwa kizito, si kama maumivu, kama mtu amenikalia. Jasho likanitoka, la baridi, na tumbo likawa linachafuka. Nikajisemea ni gesi, nimeshiba vibaya. Halafu kitu kikanishika hapa kwenye taya, upande wa kushoto, kikavuta mpaka sikioni.

"Una nini?" aliuliza Mkasi.

"Hamna. Jino tu."

Nilisikia mkasi mkubwa ukianguka sakafuni. Dada alikuwa ameuachia. Siku nne hakuwa amenitazama, sasa alikuwa amenishika mabega kwa mikono miwili na uso wake uko karibu na wangu kiasi cha kuona alama za miwani puani mwake.

"Umesema jino?"

"Litapoa. Nipe maji."

"Jino gani? Linavuta wapi? Kifua je?"

Sikujibu, na kwa mtu kama mimi kutojibu ni jibu tosha. Dada akatazama saa ya ukutani. "Saa nne na dakika kumi," akasema kwa sauti, kama anayeandika. Akamtuma Mkasi ampigie simu mkuu wa wauguzi aeleze tunakuja na nini. Yeye akafungua dirisha, akamwita muuza magodoro wa chini kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Washa gari! Sasa hivi!"

Niliwaambia wanatia chumvi. Niliwaambia nipumzike kidogo nitakuwa sawa. Nilisema hata kwamba sare za shule zilitakiwa Ijumaa. Dada hakubishana. Aliinama, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yangu na mwingine mgongoni, akanibeba. Ngazi zile alizokuwa akizipanda huku anahema wiki sita zilizopita, alizishuka na mimi mikononi bila kusimama hata mara moja. Nakumbuka nikiwaza kwamba amepungua. Nakumbuka pia nikiwaza kwamba ana nguvu, na kwamba siku zote alikuwa nazo.

Muuza magodoro alikuwa tayari ameshusha kibao cha nyuma cha gari lake la mizigo. Wakanilaza juu ya godoro jipya, la futi tano, bado limo ndani ya nailoni. Nailoni ililia kila tulipopita shimo. Dada alikaa kando yangu, ameshika mkono wangu, na kila mara analiambia taya langu, ndiyo, taya, kana kwamba linasikia: "Tulia. Tulia, tunafika."

"Dada," nikamwambia, "nikifa, zile sare…"

"Nyamaza na sare zako."

Ndipo nikaona analia. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ngazini, maana sijui kama niliwahi kumwona dada akilia tangu siku ya mama.

Mlangoni kwa dharura palikuwa na foleni. Dada hakuipanga. Alisema, bila kupayuka, neno kwa neno kama ilivyo kwenye ile karatasi ya ukutani: "Kifua kizito, taya la kushoto, jasho baridi, kichefuchefu. Imeanza saa nne na dakika kumi. Kolesteroli yake iko juu sana, hii hapa karatasi. Mama yetu alikufa hivihivi na miaka hamsini na moja." Karatasi ya namba thelathini na moja ilikuwa imo kwenye sidiria yake. Alikuwa akitembea nayo siku zote nne, akingoja Jumatatu.

Mengine nayajua kwa kusimuliwa. Walinipa vidonge vya kutafuna, wakanibandika nyaya kifuani, wakanikimbiza kwenye chumba chenye baridi. Daktari wa moyo alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, karibu na kifundo, akaufikisha mpaka moyoni, akapafungua palipoziba na kupaachia kijibomba cha waya kinachozuia njia isifunge tena. Nilikuwa macho. Nilimuuliza huo waya ni namba ngapi, naye akacheka nyuma ya barakoa.

Kesho yake alinionyesha picha. Mshipa mmoja wa moyo wangu ulikuwa umebanwa mahali pamoja mpaka umebaki uzi. Mahali pengine pawili palikuwa panaanza kutuna.

"Lakini mimi sina mafuta popote, daktari," nikamwambia. "Nitazame."

"Nimekutazama," akasema. "Ungenipita barabarani nisingekudhania. Hii haionekani kwa nje. Kuna watu ini lao linazaliwa likiwa halijui kuivuta kolesteroli kutoka kwenye damu vizuri. Basi inabaki inazunguka, tangu utotoni, hata mtu awe mwembamba namna gani. Ngozi ya kuku ilikuongezea tu. Mara nyingi hutoka kwa mzazi. Dada yako hakupata. Wewe umepata." Akafunga faili. "Mngechelewa saa mbili tatu, sijui tungekuwa tunaongea nini sasa. Aliyekuleta alijua anachokiona."

Alipotoka nilijifunika shuka mpaka kichwani. Miaka yote ile niliyokuwa nikijizungushia futi kiunoni, nikijisifu kwamba nimemchukua mama. Nilikuwa nimemchukua kweli, yote, na lile la ndani pia.

"Una watoto?" daktari alikuwa ameniuliza, na nilipomwambia ninaye binti mmoja wa miaka ishirini na mbili, aliandika kitu. Binti yangu alipimwa wiki ileile. Alikuja na majibu mpaka kitandani kwangu, akakaa ukingoni, akanipa karatasi. Safari hii ilikuwa na jina. Ilikuwa na wino mwekundu pia.

"Mama, usilie," akasema. "Daktari anasema nimewahi. Kidonge kimoja kila siku, na chakula, na kipimo kila mara. Anasema nikianza sasa naweza kuzeeka mpaka nikuchoshe."

Nililia hata hivyo. Nililia kwa sababu nilimpa mtoto wangu kitu hicho bila kujua, na nililia kwa furaha kwamba kimejulikana mapema, akiwa na miaka ishirini na mbili, akiwa anatembea kwa miguu yake. Mama hakuwa na karatasi. Mimi nilikuwa nayo nikaigawa kwa mtu mwingine. Binti yangu anayo mkononi, na amekubali ni yake. Kwa hilo nashukuru mpaka leo, kila siku ninapomwona anakunywa kidonge chake huku ananung'unika.

Niliambiwa nipumzike wiki sita. Wiki sita tena! Dada alishona kazi zake na zangu. Sare za shule zilitoka Ijumaa ileile. Mkasi aliketi kwenye cherehani yangu na kushona mikono mia moja na ishirini, kumi kati yake kinyume. Muuza magodoro aliligomea lile godoro, akasema mgonjwa akishapona juu ya godoro ni lake, akalileta nyumbani kwangu. Nimelilalia tangu hapo.

Na kila mchana, wiki zote sita, dada alikuja na vibakuli viwili. Mboga za kuchemsha, maharage, samaki. Alikaa mbele yangu tukala pamoja. Siku ya kwanza nilidhani anajisahau.

"Wewe si mgonjwa," nikamwambia. "Kale siagi yako."

"Nimeshazizoea," akasema. "Halafu nikikuacha ule peke yako utadanganya."

Nilingoja anicheke. Nilikuwa na haki ya kuchekwa angalau wiki sita. Ningemwelewa hata angeniita sungura. Alinisogezea limau nikamulie kwenye mboga, akaanza kunisimulia habari za bibi harusi aliyebadilisha mawazo kuhusu mikono ya gauni. Hakunicheka hata siku moja, na mimi nilikuwa nameza mboga pamoja na aibu.

Siku niliyorudi kazini nilipanda ngazi taratibu, na binti yangu nyuma yangu. Ile karatasi ya picha ya moyo bado ilikuwa ukutani. Mkasi alikuwa amefuta vumbi kwenye kiti changu. Dada alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, na gauni lake la kazi lilikuwa linamning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari, maana hakuwa amepata hata saa moja ya kujipunguzia nguo zake. Alikuwa akishona zangu.

Nikatoa kitambaa nilichokuwa nimemnunulia, cha buluu iliyoiva, na bitana yake.

"Nakushonea gauni," nikamwambia.

"Haya, kata."

Alisema hivyo kwa sababu miaka yote sijawahi kumpima dada. Nguo zake nilikuwa nazikata kwa macho, tena kwa majivuno, nikisema mwili wake naujua kama meza. Nikatoa futi shingoni mwangu.

"Njoo hapa. Inua mikono."

"Unanipima? Leo?"

"Inua mikono, dada."

Akainua. Nilipima mabega, nikapima kifua, nikaita namba, binti yangu akaandika kwenye daftari. Tukafika kiunoni. Ukimpima kiuno mtu mpana kama dada yangu, na wewe una mikono mifupi kama yangu, huwezi kuipitisha futi nyuma yake kwa mbali. Lazima usogee, shavu lako liguse kifua chake, mikono yako ikutane mgongoni. Nikaifikisha futi kule nyuma, na nilipoishika nikashindwa kuirudisha mbele. Nilikuwa nasikia moyo wake sikioni mwangu. Ulikuwa unakwenda sawasawa.

"Asante, dada," nikasema. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na sikumbuki kumwambia hivyo kabla ya siku ile. "Asante kwa wiki sita. Zote mbili."

Mikono yake bado ilikuwa juu hewani, kama nilivyomwamuru. Kisha ikashuka taratibu, ikatua mgongoni kwangu.

"Mkasi anangoja namba," binti yangu alisema kutoka mezani, akimtania kwa sababu alikuwa ameshika kalamu ya pili bila kazi. "Kiuno ngapi?"

"Nimeisahau," nikasema. "Ngoja nipime tena."